Udongo Wetu Kwenye Shamba la Sefania

Ukikaa Shiling, mji wa viwanda vya mikoba nje ya Guangzhou, tangu asubuhi, harufu ya gundi ya ngozi huingia mpaka kwenye nywele, na ukirudi jioni Xiaobei, mtaa wetu Waafrika, mwenzako kwenye lifti anajua ulikotoka. Nimenunua mikoba huko kwa miaka mingi na pua yangu haiisikii tena gundi hiyo. Kwa hiyo siku ile, nikiwa nimekaa juu ya boksi nasubiri mzigo wangu ufungwe, nilishtuka mvua ilipopiga na harufu nyingine ikaingia kwa mlango wa nyuma. Ilikuwa harufu ya udongo mwekundu uliolowa, nzito, kama ladha ya sarafu ukiiweka mdomoni. Sikuhitaji kugeuka kujua rangi yake.

Nyuma ya kiwanda kile kuna kilima. Jirani wa juu alikuwa amekikata ubavu ili aongeze ghala, na mvua ilipokuja kilima kikashuka. Matope yalipita chini ya ukuta, yakaingia kwenye kibaraza zilipopangwa ngozi. Mwenye kiwanda, mama mfupi tunayemwita laoban kama tunavyowaita mabosi wote hapa, alitoka na buti za mpira na chepe, akaanza kuyatupa matope juu ya ukuta, kule yalikotoka. Mwenye ghala akatokea juu na mwavuli, akaanza kufoka. Mimi Kikantoni sijui hata neno la kuombea maji, lakini mama alinyoosha kidole juu, bwana akanyoosha kidole mbinguni, na hapo nikawa nimeelewa kesi yote.

Upendo, mfanyabiashara mwenzangu wa Mwanza ambaye tulikodi naye gari siku hiyo, alikuwa anahesabu zipu. Akainua kichwa.

"We Nanzia, wanagombania nini hawa?"

"Udongo."

"Udongo? Udongo huu wa kukanyaga?" Akacheka mpaka zipu zikamchanganyikia. "Kumbe hata Wachina wana Wapare wao!"

Nikacheka naye, mimi Mpare wa milimani. Mnajua tunavyosemwa: Mpare huuza ng'ombe ili aendeshe kesi ya kuku. Nasi hucheka pamoja na wanaotucheka, kisha twaenda barazani kufungua kesi.

Lakini kicheko changu hakikufika mbali, kwa kuwa asubuhi ile nilikuwa nimepokea ujumbe wa sauti wa mdogo wangu Elieza kwenye simu. "Shikamoo dada," alisema, na nyuma yake nikasikia mvua ikipiga bati. "Tuta limepasuka. Udongo wa shamba la Mama wote umelala kwa Kajiru. Nimejaribu kuurudisha kwa toroli, nimeshindwa, nimechoka. Kajiru anasema udongo ukishalala kwake ni wake. Nataka nikamwone wakili mjini. Itabidi tuuze ng'ombe, dada. Nipe neno lako."

Neno sikuwa nimempa. Kesi ile, yetu na kina Kajiru wa shamba la chini, naijua. Ilianza kabla Elieza hajazaliwa, na mimi nilikuwepo.

Shamba letu lilikuwa kwenye mteremko mkali kiasi kwamba watu wa tambarare waliokuja kututembelea walishika migomba walipotembea. Juu kulikuwa na mwamba mkubwa mweusi, chini kulikuwa na mstari wa masale, ile mimea ya majani marefu tunayoipanda mipakani. Baada ya masale lilianza shamba la Mzee Sefania, ambalo lilikuwa tulivu zaidi, kama godoro lililotandikwa mguuni pa ngazi. Kila masika, shamba letu lilipungua kidogo na la Sefania likaongezeka. Mimi mtoto nilidhani ndivyo mashamba yalivyo, kwamba la juu hukonda na la chini hunenepa, kama ndugu wawili wa tumbo moja.

Mwaka nilioanza kumsaidia Mama kupalilia, mahindi yetu yalitoka ya manjano, mafupi, yenye aibu. Mwamba ule mweusi ulikuwa umeota watoto: mawe madogo yalijitokeza kila mahali, na jembe la Mama lililia kila lilipoanguka. Kwa Sefania mahindi yalisimama meusi kwa afya. Baba alikuwa akisimama kwenye masale kila jioni, mikono nyuma, akiyatazama mahindi ya mwenzake. Mama alijua maana ya mikono ile. "Baba yako anaandika kesi kichwani," aliniambia.

Tulikuwa na ng'ombe mmoja, mtamba aliyekuwa karibu kuzaa. Mama alikuwa amemlea tangu akiwa ndama kwa majani aliyoyabeba kichwani, na maziwa aliyoyatarajia yalikuwa kwa ajili ya mtoto aliyekuwa tumboni mwake. Baba alitangaza wakati wa chakula kwamba atamshitaki Sefania kwenye baraza, na baraza likimkatalia, atauza mtamba aende mahakamani. Mama aliendelea kukoroga makande, lakini mwiko ulipiga sufuria kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Siku ya baraza Baba alivaa koti lake la kanisani. Alikuja na makopo mawili, kila moja na udongo ndani, akayaweka mezani mbele ya wazee. Nilikuwa nimekaa sakafuni kando ya Mama na nakumbuka Baba alivyosafisha koo.

"Kopo hili nimelijaza kwangu, chini ya mwamba. Hili nimelijaza kwa Sefania. Tazameni rangi, tieni mkononi, nuseni. Wazee, mtoto akifanana na baba yake hivi, huulizwa ni wa nani?"

Wazee wakanusa. Mmoja alionja.

Sefania alisimama taratibu. Alikuwa mtu mnene, mpole wa sauti, mwenye ulimi kama wembe wa kinyozi. "Kama ni mtoto wake, mbona alikuja kulala kwangu bila kupiga hodi? Tena amelalia miche yangu ya kahawa mpaka ikafa. Nami nataka fidia ya miche."

Watu wakaangua kicheko. Mzee mmoja akamwambia Baba, "Maji yakimwagika hayazoleki, bwana." Baba akamgeukia papo hapo: "Maji hayazoleki. Udongo unazoleka."

Nadhani neno lile ndilo lililomponza. Mwenyekiti, aliyekuwa amechoshwa na kesi za mbuzi na mipaka tangu asubuhi, alilikamata kama mtu aliyetupiwa kamba. Akatoa hukumu hapo hapo: udongo ni wa Baba, haki yake imetambuliwa, naye aende akauzoe. Sefania asimzuie. Ila utakaokutwa bado kwa Sefania masika yakianza, utakuwa wa Sefania daima, na kesi imekufa.

Baba alishinda. Alitembea mpaka nyumbani kifua mbele, makopo mawili kwapani. Mtamba alibaki zizini. Kesho yake alfajiri alituamsha tukazoe udongo.

Sijui kama mmewahi kubeba udongo kupanda mlima. Ni mzigo usio na adabu. Maji hutikisika lakini hukaa ndani ya ndoo, na kuni zina mahali pa kushika. Udongo hupenya kwenye kikapu, huingia kwenye macho na kwenye ukosi, na jasho likiupata unakuwa tope shingoni. Tulizoa kwa Sefania kwa majembe, tukajaza vikapu, tukaweka ngata kichwani, tukavuka masale, tukapanda hadi kwenye mwamba, tukamwaga. Baba alibeba gunia mgongoni. Alipanda bila kusimama, akihema kama mvukuto wa mhunzi, na alipomwaga alisawazisha udongo kwa kiganja, kwa upole ambao sikuwahi kumwona akiutumia kwa kitu kingine.

Mke wa Sefania, mama yake Kajiru, alisimama mlangoni kwake akitutazama. Siku za kwanza alicheka. Baadaye aliacha kucheka. Shamba lake lilikuwa limegeuka njia, tulipita kwenye maharage yake kutwa, na kuku wake walikuwa wametuzoea.

Mama alikuwa mzito. Nilitembea nyuma yake na niliziona nyayo zake zikizama na miguu ikitetemeka juu ya kisigino kabla ya kuinuka. Nilipomwuliza kama amechoka alisema, "Kuchoka ni kwa walio na pa kukaa." Siku ikafika tulipokuwa tumevuka masale, Baba akiwa juu kwenye mwamba anasawazisha, Mama akasimama. Alitazama juu. Akageuka akatazama chini. Kisha akainamisha kichwa, kikapu kikapinduka, na udongo ukamwagika pale pale, kwenye mstari wa masale.

Nilishikwa na hofu. "Mama, Baba ataona."

"Aone."

"Si amesema kwenye mwamba?"

"Wewe mwaga hapo. Mguu wangu umeishia hapo."

Nikamwaga. Tukarudi kuzoa, tukamwaga tena pale pale, pembeni ya cha kwanza, kisha pembeni ya cha pili. Hatukupanda tena. Masale yalifunikwa mpaka kiunoni. Rundo likawa mstari, mstari ukawa mgongo wa mnyama aliyelala, kutoka mgomba wa mwisho hadi kwenye mti wa mparachichi.

Baba alishuka mwishowe kututafuta. Alisimama mbele ya ule mgongo na gunia tupu mkononi.

"Hapa pana nini?"

"Pana uchovu wangu, baba Nanzia," Mama alisema. Alikuwa amekaa juu yake.

Nilingojea ngurumo. Baba alitazama mwamba, akatazama tumbo la Mama. Kifua chake chenyewe kilikuwa bado kinapanda na kushuka. Nilivyomjua, alikuwa anatafuta kifungu cha kutushitakia. Badala yake alishuka kwa Sefania, akajaza gunia, akapanda hadi kwenye masale, akalimwaga pale. Hakusema kitu siku hiyo wala kesho yake.

Mama Kajiru ndiye aliyesema. Alikuja na jembe lake akaanza kuzoa kutoka upande wake na kutupa juu ya tuta. "Msidhani nawapenda," alitutangazia. "Nawasaidia ili mniondokee kwenye maharage." Siku ya pili yake Sefania mwenyewe akaja na mawe, akayapanga upande wa chini, akidai ni kuyatoa tu njiani. Wanaume hawakusalimiana. Walifanya kazi migongo ikielekeana, kila mmoja upande wake wa tuta lile lile.

Masika yalikuja, na Elieza akazaliwa ndani yake. Usiku wa mvua ya kwanza sikumbuki. Nakumbuka asubuhi, Baba akinishika mkono tukaenda kutazama. Nyuma ya tuta maji yalikuwa yamesimama, mekundu, mazito, na taratibu yalikuwa yanakuwa meupe. Udongo ulikuwa umekaa. Ila kwenye kona ya mparachichi tuta lilikuwa limepasuka, kwa maana maji ya hapo hayakuwa yetu. Yalitoka kwa jirani wa juu zaidi, upande wa pili wa mwamba, mtu ambaye hakuwa na kesi na mtu yeyote na wala hakujua kwamba maji yake yanatembea.

Hapo ndipo ilipoanza kamati. Bwana shamba alikuja baadaye na kamba na pima maji yake, akatufundisha kutega matuta yafuate usawa wa kilima, akatupa na jina, kingamaji. Alikuwa mtu mwema na matuta yalinyooka kwa ajili yake. Lakini alipofika alikuta tayari Baba na Sefania wameshakwenda pamoja kwa yule jirani wa juu, na pembe ya msaragambo, kazi yetu ya pamoja, imeshapigwa, na watu wa mteremko mzima wamekula makande kutoka sufuria moja wakijaza lile pengo. Kamati ilichaguliwa hapo hapo, sufuria zikioshwa: mtu mmoja wa juu, mmoja wa kati, mmoja wa chini, kwa kuwa maji yanawapitia wote watatu. Wa kati akawa Baba. Wa chini akawa Sefania. Mtu alipopinga kwamba wawili hawa ni wagomvi, mwenyekiti wa baraza alijibu, "Ndiyo maana. Hawa wameshakwisha kugombana, wengine bado."

Shauri lao la kwanza halikuwa la udongo bali la majani. Juu ya tuta walipanda majani ya tembo ili mizizi ilishike, na majani yalipostawi ikawa swali: ni ya ng'ombe wa nani? Tuta lilikuwa juu ya mpaka. Waliamua mwenye upande wa juu akate wakati wa vuli, wa chini akate wakati wa masika, na asiyepalilia asikate. Baadaye yakaja mengine: siku za kuzibua mitaro, mbuzi watakaokutwa juu ya matuta, na mahali ambapo maji ya wote yatatokea bila kummaliza mtu.

Kisha wakatunga kanuni ambayo sijaisikia kwingine. Mwenye lalamiko la udongo au maji hasikilizwi ofisini wala chini ya paa. Anasikilizwa mvua ikinyesha, pale pale kwenye tuta, yeye na anayemlalamikia na kamati nzima, wakiyatazama maji yanavyotembea. Kesi zilipungua nusu mwaka ule ule. Mpare anapenda kesi, alisema Sefania, lakini hapendi kulowa.

Mimi niliishia darasa la saba. Mengine nimejisomea mwenyewe, kwa mpangilio, mada moja hadi iishe, mara nyingi nikiwa ghalani nasubiri kontena. Udongo niliusoma kwa muda mrefu. Nimesoma kwamba katika nchi moja kubwa ng'ambo ya bahari upepo uliwahi kubeba udongo wa mashamba hadi mchana ukawa giza, na serikali ikatunga sheria ili wakulima wa kila mahali wachague kamati yao ya kuutunza. Nimesoma juu ya miteremko, mizizi, kasi ya maji. Vitabu vyote vinaeleza kwamba watu waliokoa udongo walipoelimika. Sijakuta kinachosema kwamba walichoka.

Nikiwa mtoto niliamini Mama alishindwa, na kwamba Baba alinyamaza kwa huruma ya tumbo lake. Nilimwuliza Mama mara moja, akiwa mzee, kama alijua kwamba pale kwenye masale ndipo panapofaa. Alinitazama kama niliyemwuliza swali la kizungu. "Nilichoka tu, mwanangu." Nikaona ananificha jambo. Sasa nina umri aliokuwa nao siku aliponijibu hivyo, au karibu nao, magoti yangu yanajua ngazi zote za soko la Shisanhang, na ninaamini hakuficha kitu. Alichoka. Ila mtu huweza kuchokea kwenye haki yake, akaketi juu ya mwamba na makopo mawili. Au akachokea kwa jirani, akamwachia kila kitu. Yeye alichokea mpakani, na kwa kuwa alichokea mpakani, wengine nao walipochoka walipata pa kuweka mizigo yao. Baba alikuwa amechoshwa na ushindi wake, lakini hakuwa na mahali pa kusema hivyo.

Kamati ile imekufa. Haikuuawa na mtu. Wa juu alifariki, Sefania akafariki, Baba akafariki, na sisi ambao tungekaa kwenye nafasi zao tuko Dar, tuko Arusha, tuko Guangzhou tunanusa gundi. Mitaro haizibuliwi. Wamebaki Elieza na Kajiru, kila mmoja kwake, na tuta lililopasuka.

Nyuma ya kiwanda, mwenye ghala alikuwa ameshuka na mwavuli wake. Mama mwenye buti alikuwa ameegemea chepe. Bado walifoka, lakini kwa sauti za watu waliokwisha kulowa.

"Gari limefika," Upendo akasema. "Waache Wapare wenzako."

"Nipe dakika." Nikapiga simu nyumbani. Huko ilikuwa asubuhi.

"Elieza. Mvua bado inanyesha?"

"Inanyesha, dada. Umefikiri juu ya wakili?"

"Mwite Kajiru, mtoke nje."

"Kwenye mvua hii? Dada, Kajiru hatatoka."

"Atatoka akikuona wewe umelowa. Toroli liko wapi?"

"Nililiacha huko huko. Nililijaza, sikuweza kulipandisha. Nimekwambia nimechoka."

"Umechokea wapi?"

Nilisikia mlango wa bati ukifunguliwa, kisha mvua ikawa kubwa sikioni, na hatua zake zikiteleza. Alichukua muda. Nilimsikia akiita, "Kajiru! We Kajiru!" na mbali kidogo sauti ya mtu mwenye usingizi ikamjibu ni kichaa gani huyo.

"Niko kwenye toroli," Elieza akasema. "Liko hapa kwenye masale."

"Basi mwaga hapo."

"Hapa? Dada, hapa si kwetu wala si kwake."

"Mwaga hapo, mwanangu," nilimwambia, mimi ambaye sikumzaa. Kisha nikasikiliza, mpaka niliposikia udongo ukianguka.